Mwamba Ngoma Ngozi Huivutia Kwake: Ukuzaji wa Michoro kwa Vizidishio Tofauti na Lugha ya Kuueleza

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii tumezoea kuitumia tunapomsema mtu anayejipendelea. Katika makala haya tutairudisha kwenye ngoma yenyewe, yaani kwenye ngozi inayovutwa. Ngozi ikivutwa sawasawa pande zote, alama ya mviringo iliyochorwa katikati yake hupanuka lakini hubaki mviringo. Ikivutwa upande mmoja kuliko mwingine, alama ile ile hurefuka mfano wa yai. Hakuna kilichokatwa wala kilichobandikwa, ila umbo limekwisha kuwa jingine.

Jambo hilo ndilo hutokea katika tarakilishi pale mchoro wa jengo, wa geti au wa ramani unapobadilishwa ukubwa kwa kiasi kimoja upande wa mlalo na kwa kiasi kingine upande wa wima. Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza kwa mifano ya hesabu nyepesi ni nini husalia na ni nini hupotea katika ukuzaji wa namna hiyo. Pili, yanaonyesha kuwa Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kulieleza jambo hili, mradi sisi wanafunzi na walimu wa lugha tuyatenganishe matumizi yake. Hoja yetu ya msingi ni kwamba agizo la "kuza mchoro" halijakamilika mpaka litaje kizidishio, mhimili na nukta isiyosogea, na mpaka liseme ni vitu gani katika mchoro visivyofaa kuguswa.

Mifano yetu inatoka Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi iliyo jirani na Barabara ya Ngong. Tumeichagua kwa sababu ni mitaa ya mafundi, na kwa sababu ni mitaa ya nafasi finyu. Chumba cha kawaida huko hutajwa kuwa futi 10 kwa 10, yaani takribani mita 3.05 kila upande. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: kosa la mita tatu ambalo mwenye shamba kubwa hatalihisi, huku ni chumba kizima cha familia.

Kizidishio kimoja na vizidishio viwili

Tuanze na jambo ambalo kila mwanafunzi aliyewahi kupiga chapa tasnifu amelishuhudia. Picha iliyotiwa katika ukurasa ikishikwa kwenye kona na kuvutwa huku uwiano wake umefungwa, hukua kwa mlalo na kwa wima kwa kiasi kimoja. Ikishikwa ubavuni, hupanuka tu. Mtu aliyemo hunenepa bila kula. Katika hali ya kwanza kuna kizidishio kimoja. Katika hali ya pili kuna vizidishio viwili, na kimojawapo ni 1, yaani upande huo haukubadilika.

Uwezo wa kubadilisha ukubwa wa mchoro kwa mashine si mgeni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha tarakilishi na kukuza alichokichora. AutoCAD, programu ya usanifu iliyokuja kuenea kote duniani, ilitolewa na kampuni ya Autodesk mwaka 1982. Katika AutoCAD, amri ya kawaida ya kukuza hudai kizidishio kimoja tu. Anayetaka vizidishio viwili huyafunga kwanza maumbo yote yawe kitu kimoja, ambacho katika makala haya tutakiita fungu, kisha huliingiza fungu hilo katika mchoro na kulipa kizidishio cha mlalo peke yake na cha wima peke yake. Msanifu akishalifungua fungu hilo baadaye, atakuta duara zake zimegeuka duaradufu.

Njia hiyo ya kuzunguka inaweza kumuudhi anayeanza kujifunza. Hata hivyo, ina faida yake. Inamlazimisha kusimama na kujiuliza kama kweli anachokitaka ni kuuwamba mchoro wote, au ni kuongeza nafasi mahali fulani tu. Maswali hayo mawili yana majibu tofauti kabisa, kama tutakavyoona.

Kinachosalia na kinachopotea

Tuchukue ramani ya chumba cha futi 10 kwa 10 kinachotazamwa kutoka juu. Mwenye nyumba amepata nafasi ya futi 2 upande wa kulia, naye anataka chumba kiwe futi 12 kwa 10. Kijana anayemchorea anaufunga mchoro kuwa fungu, anatia kizidishio cha 1.2 kwa mlalo na 1 kwa wima, na kazi imekwisha. Je, imekwisha kweli?

Yapo mambo yanayosalia. Mstari ulionyooka hubaki umenyooka. Mistari sambamba hubaki sambamba. Nukta iliyokuwa katikati ya ukuta hubaki katikati ya ukuta. Maeneo yote yaliyomo katika mchoro huzidishwa kwa idadi moja, ambayo hupatikana kwa kuzidisha vizidishio viwili: 1.2 mara 1 ni 1.2. Chumba kilichokuwa futi za mraba 100 sasa ni futi za mraba 120. Kwa sababu mambo haya yamesalia, mchoro unapotazamwa kwa mbali huonekana mzima, na hapo ndipo hatari ilipo.

Yanayopotea ni urefu, pembe na duara. Mstari uliolala umezidi kwa 1.2, uliosimama haukuzidi kamwe, na ulio mshazari umezidi kwa kiasi kilicho kati ya hivyo viwili, kwa kadiri ya mwinamo wake. Kwa hiyo mistari miwili iliyokuwa na urefu sawa huenda isiwe sawa tena. Mlango wa futi 3 uliokuwa kwenye ukuta uliolala umekuwa wa futi 3.6, hali milango madukani haijui kwamba mchoro umekuzwa. Robo duara inayoonyesha jinsi mlango unavyofunguka imekuwa robo ya duaradufu, kana kwamba mlango huwa mrefu unapofunguliwa na mfupi unapofungwa.

Kuta nazo zimeharibika kwa namna isiyoonekana upesi. Tuseme zilichorwa kwa unene wa inchi 6, kwa kuwa zitajengwa kwa mawe ya inchi 6. Zile zinazosimama wima katika karatasi, unene wake hupimwa kwa mlalo, kwa hiyo zimefikia inchi 7.2. Zile zilizolala zimebaki inchi 6. Hakuna anayechonga jiwe la inchi 7.2 kwa ajili ya kuta mbili kati ya nne. Aidha, tarakimu "10" iliyoandikwa kama maandishi chini ya ukuta haikubadilika kuwa "12". Imenenepa tu. Mchoro sasa unasema jambo moja kwa mistari na jingine kwa maandishi, na fundi ndiye atakayeachiwa kuamua ni lipi la kuaminiwa.

Somo la fundi cherehani

Kabla ya kuendelea na tarakilishi, tuchungulie kwa fundi cherehani wa soko la Toi, lililo ukingoni mwa Kibera, ambako nguo za mitumba huuzwa na kurekebishwa. Mteja ananunua shati linalompwaya kiunoni. Fundi analipunguza ubavuni, na urefu anauacha ulivyo. Huko ni kubadilisha ukubwa kwa vizidishio tofauti, tena kwa mahali maalumu, na fundi hulifanya jambo hilo pasi na kulipa jina la kitaalamu.

Tazama asichokifanya. Hapunguzi vifungo. Hapunguzi matundu ya vifungo, wala upana wa pindo, wala kola iliyokwisha kumkaa mteja shingoni. Anajua kuwa katika vazi kuna sehemu zinazofuata mwili na kuna sehemu zinazofuata vidole, uzi na sindano. Mwili ukipungua, vidole havipungui. Vivyo hivyo, katika mchoro wa nyumba kuna vipimo vinavyofuata kiwanja, na kuna vipimo vinavyofuata jiwe, mlango, bati na hatua ya mguu wa binadamu. Ngazi ikikuzwa kwa wima ili ifikie ghorofa lililoinuliwa, kila kidato huinuka zaidi, na goti la mzee halikukuzwa pamoja nacho. Dawa yake ni kuongeza idadi ya vidato.

Kwa hiyo msanifu makini, badala ya kulizidisha fungu zima, hushika ukingo wa kulia peke yake, yaani ukuta wa kulia na ncha za kuta zinazoufikia, kisha akausogeza kwa futi 2. Programu za usanifu zina amri mahususi ya kufanya hivyo. Chumba kitakuwa futi 12 kwa 10, kuta zitabaki inchi 6, mlango utabaki futi 3, na robo duara ya mlango itabaki robo duara. Katika sehemu ya istilahi tutaipa amri hiyo jina la kuvuta, ili isichanganywe na kukuza.

Chumba kilicholala mshazari

Mfano tulioutoa ulikuwa mwepesi kwa sababu kuta zilifuata mihimili ya karatasi. Pembe za chumba zilibaki mraba, yaani nyuzi 90. Lakini vijia vya Kibera havikupigwa kwa rula. Vinafuata mteremko, reli na njia za maji, na nyumba zinafuata vijia. Katika ramani ambayo kaskazini iko juu, chumba chaweza kulala mshazari kwa nyuzi 45.

Tukiuchukua mraba ule ule wa futi 10 kwa 10, tukauzungusha kwa nyuzi 45, kisha tukauzidisha mlalo kwa 1.2, hatutapata mstatili wa futi 12 kwa 10. Tutapata umbo lenye pande nne zilizo sawa, kila upande ukiwa takribani futi 11.05. Pembe zake hazitakuwa mraba tena: mbili zitakuwa kama nyuzi 79.6 na mbili kama nyuzi 100.4. Fundi akipima kona kwa kona, kama mafundi wote wafanyavyo kuhakikisha msingi umekaa mraba, atapata futi 16.97 upande mmoja na futi 14.14 upande wa pili. Katika mstatili wa kweli wa futi 12 kwa 10, vipimo vyote viwili vya kona kwa kona vingekuwa futi 15.62.

Jambo la kuzingatia sana ni eneo. Mstatili ulio sawa una futi za mraba 120, na umbo lile lililopotoka nalo lina futi za mraba 120. Anayekagua kwa kuangalia eneo peke yake, kwa mfano karani anayetoza ada kwa kila futi ya mraba, hatagundua kosa lolote. Anayeligundua ni fundi mwenye utepe mkononi. Funzo ni kwamba hesabu moja ikikubali, haitoshi kuthibitisha umbo.

Tiba yake ni mpangilio wa hatua. Kwanza, zungusha mchoro mpaka ukuta ulingane na mhimili. Pili, fanya mabadiliko ya ukubwa. Tatu, urudishe mchoro kwenye mwelekeo wake. Hatua hizo zikipinduliwa, matokeo hayawi yale yale. Katika kukuza kwa kizidishio kimoja mpangilio huo hauna athari kwa umbo. Katika vizidishio viwili ndio kila kitu.

Geti la Kawangware

Sasa tuelekee Kawangware, kwenye karakana za kuchomelea vyuma zilizo kando ya barabara. Chukulia mchoro wa geti la mabawa mawili, kila bawa likiwa na upana wa futi 5 na kimo cha futi 7. Juu ya kila bawa kuna safu ya pete 10 za chuma, kila pete ikiwa na kipenyo cha inchi 6, na hizo pete 10 zinaijaza safu ya futi 5 barabara. Kuna pia chuma kimoja kinachokatiza bawa kutoka kona ya chini hadi kona ya juu. Mteja mpya analipenda geti hilo, ila lango lake lina futi 12 badala ya 10. Kila bawa sharti liwe futi 6.

Mchoro ukizidishwa mlalo kwa 1.2, kila pete huwa duaradufu ya inchi 7.2 kwa 6. Pete za geti hukunjwa kwa kuuzungusha ukanda wa chuma kwenye bomba au kiolezo cha mviringo. Kiolezo cha duaradufu ya vipimo hivyo fundi hana. Chuma cha kukatiza, kilichokuwa na urefu wa takribani futi 8.60 na mwinamo wa nyuzi 54.5, sasa kina futi 9.22 na mwinamo wa nyuzi 49.4. Ncha zake zikikatwa kwa pembe ya zamani hazitakaa vyema kwenye fremu, na pengo litajazwa kwa kuchomelea tu.

Suluhisho liko katika kuutenganisha mchoro kabla ya kuugusa. Fremu ivutwe kutoka futi 5 hadi 6. Chuma cha kukatiza kichorwe upya kutoka kona hadi kona, na pembe yake ipimwe upya. Pete zisiguswe ukubwa wake, bali ziongezwe idadi: futi 6 ni inchi 72, nazo hubeba pete 12 za inchi 6 bila kubakiza nafasi. Geti litakuwa pana zaidi, na kila pete itatoka kwenye bomba lile lile. Mchoro wenye sehemu nyingi haubadilishwi ukubwa kwa agizo moja. Kila sehemu huulizwa kwanza inafuata kipimo gani.

Pale vizidishio tofauti vinapostahili

Msomaji asidhani kuwa ukuzaji wa namna hii ni kosa daima. Yapo mahali ambapo ndio njia iliyo sahihi, na tutataja mawili.

La kwanza ni mchoro wa karatasi ulioingizwa katika tarakilishi kwa skana. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, nayo haitanuki kwa kiasi kimoja urefuni na upanani, kwa sababu ya jinsi nyuzi zake zilivyolala. Mashine za kunakili nazo zaweza kupotosha upande mmoja. Tuseme katika ramani ya zamani kuna alama mbili zinazojulikana kuwa ziko mita 100 kwa mlalo, lakini katika nakala zinapimwa kuwa mita 99. Alama nyingine mbili zilizo mita 100 kwa wima zinapimwa kuwa 100.5. Hapa karatasi yenyewe imekwisha kuwambwa bila kupenda kwetu. Kuirudisha sawa hudai vizidishio viwili: 1.0101 kwa mlalo na 0.9950 kwa wima. Anayetumia kizidishio kimoja ataponya upande mmoja na kuujeruhi mwingine. Ndiyo maana kupima umbali mmoja tu katika nakala hakutoshi. Sharti tupime angalau mmoja kwa kila mhimili.

La pili ni mchoro wa mitaro na mabomba ya maji taka unaoonyesha jinsi ardhi inavyoinuka na kushuka. Kibera imekaa kwenye mteremko unaoshukia Mto Motoine, ambao huingia katika Bwawa la Nairobi na, ukitoka humo, huitwa Mto Ngong. Chukua mtaro wa mita 200 unaoshuka mita 4. Ukichorwa kwa skeli ya 1:1000 pande zote mbili, utakuwa na sentimita 20 kwa urefu, na mshuko wake utakuwa milimita 4 tu. Jicho halitaona kitu. Kwa hiyo wahandisi huchora urefu kwa skeli ya 1:1000 na kimo kwa skeli ya 1:100, na mshuko huwa sentimita 4 zinazoonekana bayana. Wima umekuzwa mara 10 kuliko mlalo kwa makusudi.

Jambo linalowalinda hapa ni maandishi. Mchoro kama huo hutaja skeli zote mbili waziwazi. Mshuko wa mita 2 kwa kila mita 100 ni mwinamo wa nyuzi 1.1 hivi, lakini katika karatasi huonekana kama nyuzi 11. Shimo la kukagulia maji taka lenye upana wa mita 1 na kina cha mita 2 huonekana na upana wa milimita 1 na kina cha milimita 20, jembamba kama sindano. Asiyesoma skeli atadhani mtaro unaporomoka kama maporomoko, na aliyezisoma atajua kuwa maji yatateremka polepole. Uongo wa mchoro hukoma kuwa uongo pale unapotangazwa.

Ramani ya Kibera

Hadi mwaka 2009, Kibera ilikuwa kama doa tupu katika ramani nyingi zilizopatikana kwa umma. Mwishoni mwa mwaka huo, mradi wa Map Kibera, ulioanzishwa na Mikel Maron na Erica Hagen pamoja na vijana wa Kibera, ulianza kuijaza nafasi hiyo. Vijana walitembea na vifaa vya kunasa mahali kwa setilaiti, wakaandika vijia, vyoo, maduka, shule na zahanati, na data ikaingizwa katika ramani huria ya dunia iitwayo OpenStreetMap. Majina kama Kianda, Gatwekera, Makina, Lindi, Laini Saba na Silanga yakapata mahali pake katika ramani.

Ramani ya namna hiyo huanza kama jozi za nyuzi za longitudo na latitudo, na hapa Nairobi ina bahati ya kijiografia. Karibu na ikweta, nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 111.3 na nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 110.6. Tofauti haifiki hata sehemu moja katika mia. Anayezichora nyuzi hizo kana kwamba ni vipimo vya kawaida vya mlalo na wima atapata Kibera inayokaribia sana umbo lake. Akifanya hivyo London, nyuzi moja ya longitudo ina kilomita zipatazo 69 tu, wakati ya latitudo ina kilomita 111. Mji mzima utatokea umepanuliwa mara 1.6. Mwanafunzi aliyejifunza kwa ramani za Nairobi peke yake anaweza kuamini kuwa njia hiyo ni sahihi popote, kumbe imesitiriwa na ikweta.

Bahati hiyo haitukingi na makosa ya kuweka mchoro mmoja juu ya mwingine. Tuseme mchoro wa barabara umelazwa juu ya ramani ya nyumba, nukta tuli ikiwa upande wa magharibi, na mchoro huo umezidi mlalo kwa 1.01 tu. Kwenye nukta tuli kila kitu kinalingana. Mita 100 mashariki, kosa ni mita 1. Mita 1,000 mashariki, kosa ni mita 10, yaani vyumba vitatu vya futi 10 vikiwa vimepangana. Anayekagua karibu na nukta tuli atatia saini kwa moyo mweupe.

Hili si suala la nadharia katika mtaa huu. Mwezi Julai mwaka 2018 nyumba nyingi, pamoja na shule, zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata. Hatuna nia ya kuhukumu vipimo vya mradi huo. Tunalosema ni kwamba mahali ambapo mstari katika mchoro huamua nani atahama na nani atabaki, mkazi ana haki ya kuuliza mstari huo umekuzwa kwa kiasi gani, upande upi, na kuanzia wapi. Ili aulize, anahitaji maneno.

Istilahi

Hapa ndipo kazi yetu wanafunzi wa Kiswahili inapoanza. Mwaka 2004 programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ikathibitika kwamba menyu za tarakilishi zaweza kusomeka kwa lugha yetu. Lakini kirai kama "badilisha ukubwa", ambacho huwajia wengi kwanza wanapotafsiri, hakitaji upande.

Lugha yetu ina utajiri katika jambo hili. Kutokana na sifa tunaunda vitenzi vinavyobeba mwelekeo ndani yake: -refu hutupa refusha, -pana hutupa panua, -fupi hutupa fupisha, -nene hutupa nenepesha. Msemaji wa Kiswahili akiambiwa "panua" haulizi upande. Tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Kukuza na kupunguza: kubadilisha ukubwa kwa kizidishio kimoja pande zote, umbo likisalia.

Kupanua na kurefusha: kubadilisha upande mmoja tu, kupanua kwa mlalo na kurefusha kwa wima.

Kuwamba: kubadilisha pande zote mbili kwa vizidishio tofauti, kama ngozi ya ngoma.

Kuvuta: kusogeza ukingo mmoja wa mchoro na kuacha sehemu nyingine kama zilivyo.

Nukta tuli: mahali pasiposogea wakati wa badiliko.

Kizidishio: idadi ambayo urefu huzidishwa kwayo. Tunakitofautisha na skeli, ambayo ni uwiano wa karatasi na ardhi.

Neno kunyoosha tumeliacha kwa makusudi, ingawa husikika mara nyingi. Kunyoosha kuna maana ya kuvuta kitu kiwe kirefu na pia maana ya kukiondolea upogo. Fundi akiambiwa "nyoosha huu mchoro" anaweza kuelewa kuwa mistari ilikuwa imepinda na sasa inasahihishwa, ilhali kinachofanywa kinaweza kuupotosha. Istilahi inayoleta maana mbili zinazopingana katika karakana ni ya kuepukwa.

Hitimisho

Tumeona kuwa ukuzaji wa mchoro kwa vizidishio tofauti huacha mistari imenyooka na usambamba ukiwa salama, huzidisha maeneo yote kwa idadi moja, na huharibu urefu, pembe na duara. Tumeona pia kuwa mpangilio wa hatua una athari, kuwa sehemu nyingine za mchoro zahitaji kuongezwa idadi badala ya ukubwa, na kuwa mahali panapostahili kuwambwa, skeli zote mbili hutajwa. Fundi wa Toi, wa Kawangware na mkazi wa Laini Saba wanayajua mengi ya haya kwa mikono na kwa macho. Lililobaki ni kuwapa maneno yatakayowawezesha kusimama mbele ya mchoro na kuuliza. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anayelijua jina la uvutaji huo ndiye anayeweza kumwambia airudishe.

Maswali ya kujadiliwa

1. Tangi la maji la mviringo lina kipenyo cha mita 2 katika ramani. Ramani ikipanuliwa kwa 1.5, tangi litakuwa na vipimo gani? Je, msanifu afanye nini ili tangi libaki la mviringo?

2. Eleza kwa nini kupima kona kwa kona hufichua kosa ambalo hesabu ya eneo hulificha.

3. Linganisha vitenzi panua, tanua, kuza na wamba. Ni kipi ungekitumia katika menyu ya programu ya usanifu, na kwa sababu gani za kimaana?

4. Mtembelee fundi mmoja, awe wa nguo, wa vyuma au wa mbao, na uandike maneno anayoyatumia kueleza mabadiliko ya ukubwa. Ni yapi kati ya hayo yanayokosekana katika kamusi zetu?